Mgeni Asiyefika

Hellen aliwadanganya watu wa Igoma kwamba msanii mkubwa kutoka Dar es Salaam angekuja kuimba na bendi yao. Watu wakaja wengi, msanii hakuja, na kabla jua halijazama rafiki yake alikuwa amevunjika mkono. Hakuna aliyemlazimisha kusema uongo huo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, ana akili zake timamu, na alijua anachokifanya.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, na hilo ndilo linalouma.

Kila siku alipotoka shule, Hellen alibadilisha sare, akaosha vyombo, akachota maji kama bomba la mtaa lilikuwa linatoa, kisha akateremka mbio hadi karakana ya baba yake kando ya barabara ya Musoma. Baba yake, Machibya, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alitengeneza mageti, madirisha na majiko ya mkaa. Nyuma ya karakana kulikuwa na kiwanja kidogo kilichojaa vyuma chakavu, na hapo ndipo bendi yao ilipofanyia mazoezi.

Bendi yenyewe ilikuwa na watoto wanne. Hellen aliimba. Precious, jirani yake na rafiki yake tangu utotoni, alipiga ngoma. Alikuwa na madumu mawili, kipande cha bati, sufuria iliyotoboka, na ngoma moja ya kweli ya ngozi ya ng'ombe aliyoazimwa na Machibya. Nestory alipiga gitaa aliloachiwa na kaka yake, gitaa ambalo lilipaswa kuwa na nyuzi sita lakini lilikuwa na tano. Faizan, ambaye mama yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, alipiga kinanda cha umeme. Kinanda hicho alinunuliwa na bibi yake, Bibi Bachubai, na Faizan alikifunga kwenye kitambaa kama mtoto mchanga kila alipokibeba.

"Mkiunguza fyuzi yangu," Machibya aliwaambia siku ya kwanza walipochomeka waya wa kinanda, "mtaniimbia gizani mpaka mlipe."

Mwanzoni walipiga nyimbo za watu wengine. Walipiga vibaya, na walijua. Wimbo wao wa kwanza ulikuja bila kuitwa. Siku hiyo Hellen alikuwa amesimama kwenye foleni ya maji tangu asubuhi, ikiwa Jumamosi, na bomba likakauka wakiwa wamebaki watu wachache mbele yake. Alifika karakana na ndoo tupu, amenuna. Baba yake alikuwa anagonga bawaba za geti. Precious, kwa mzaha, akaanza kufuatisha nyundo ile kwa vijiti vyake juu ya dumu. Nestory akatafuta noti tatu za kukaa juu ya mdundo huo. Hellen akaketi juu ya ndoo yake, akaanza kulalamika, lakini malalamiko yakatoka yakiwa na sauti ya wimbo.

Ziwa liko pale, ndoo iko hapa,
mama kasimama, foleni haijapita.

Precious akasimamisha vijiti. Hata Machibya akaacha kugonga.

"Rudia," alisema Nestory.

Kutoka hapo wimbo haukumalizika kwa siku moja. Ulichukua wiki nyingi za ubishi. Faizan alitaka kujaza kinanda kila mahali, vidole vyake havikujua kukaa bure.

"Nyamaza kidogo hapo kwenye kiitikio," Nestory alimwambia. "Waache watu wapumue."

"Nikinyamaza watafikiri umeme umekatika."

"Basi wafikiri hivyo. Ukirudi watafurahi."

Walijaribu. Faizan alinyamaza, sauti ya Hellen ikabaki peke yake na ngoma ya ngozi, kisha kinanda kikaingia tena. Vinyweleo vya mikono vilimsimama Hellen. Faizan alijifanya haoni tofauti, lakini hakubisha tena.

Mtu wa kwanza kuwasikiliza alikuwa Bibi Suzana. Huyu alikuwa mama wa makamo aliyekaanga viazi vitamu na mihogo nje ya lango la karakana. Watu wote walimwita bibi kwa heshima. Jioni moja aliingia ndani akiwa na kijiko chake cha kukaangia mkononi, akasimama mpaka wakamaliza.

"Shikamoo, bibi," walimwamkia kwa pamoja.

"Marahaba. Huo wimbo wenu una mbio."

"Mbio vipi, bibi?" aliuliza Precious, aliyekuwa anajivunia mbio zake.

"Mnaimba habari za mtu aliyebeba ndoo kichwani. Mtu aliyebeba ndoo anakimbia? Si atamwaga? Hebu tembeeni."

Alipoondoka Precious alimcheka. Lakini Hellen alichukua ndoo, akaijaza maji ya kupozea vyuma, akaiweka kichwani na kuzunguka kiwanja huku Precious akipiga kufuata hatua zake. Wimbo ukapungua mwendo. Ukawa mzito, wa kutikisa mabega, na kwa mara ya kwanza ukawa wimbo wao kweli.

Baada ya hapo walipiga kila Jumamosi jioni mbele ya karakana. Jumamosi ya kwanza wasikilizaji walikuwa Bibi Suzana na mzee mmoja aliyekuwa anangoja geti lake likauke rangi. Mzee alilala. Jumamosi iliyofuata Bibi Suzana aliwaleta mafundi cherehani wawili. Mafundi wale wakawaambia wenzao. Vijana wa bodaboda wakaanza kuegesha pikipiki zao hapo saa za jioni. Mpaka miezi michache ilipopita, kulikuwa na watu wa kutosha kuziba mlango wa karakana, na walipofika kwenye kiitikio, wale watu waliimba wenyewe. Hellen aliwafahamu karibu wote kwa sura. Alijua nani hupiga makofi nje ya mdundo na nani hufumba macho.

Kisha zikaja habari mbili kwa wiki moja.

Habari ya kwanza ililetwa na dada mmoja aitwaye Bernadeta, mtangazaji wa redio moja ya mjini Mwanza. Alisimama Jumamosi moja, akasikiliza, akawaita pembeni. Alisema redio yao imeandaa shindano la bendi za watoto katika uwanja wa mpira wa Igoma. Bendi mbili zingeshindana, yao na bendi ya watoto wa Mkuyuni. Bendi itakayoshinda ingepelekwa studio, irekodi wimbo mmoja, na wimbo huo ungepigwa redioni.

"Tutashindana kwa mtindo wa ngoma za Kisukuma," alisema Bernadeta. "Bendi mbili, uwanja mmoja, wakati uleule. Nyie upande huu, wenzenu upande ule. Watu wako huru kutembea. Wakati ukiisha, mwenye watu wengi ndiye mshindi."

Machibya aliposikia hayo alicheka kwa furaha. Ujanani alikuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo zake, huko Magu. Alikuwa ameshindana hivyo kila baada ya mavuno. "Hilo ndilo shindano," alisema. "Hakuna jaji wa kumhonga. Mtu akikupenda anakuja kwa miguu yake, akikuchoka anaondoka kwa miguu yake."

Habari ya pili ilikuwa ya Nestory. Baba yake alikuwa amepata kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga Sengerema. Mwezi ukiisha, familia yote ingevuka kwa kivuko kwenda Kamanga, na kutoka hapo kuendelea na safari. Nestory aliisema habari hiyo huku akikaza uzi wa gitaa, bila kumwangalia mtu.

"Kwa hiyo studio ni sasa au basi," alisema Faizan.

"Ni sasa," alisema Hellen. "Tutarekodi kabla hujaondoka. Hata ukiwa Sengerema, utafungua redio, utajisikia."

Nestory alitabasamu kidogo. Tangu siku hiyo jambo hilo lilimkaa Hellen kifuani kama kitu alichokimeza bila kutafuna.

Siku chache kabla ya shindano, Hellen na Precious walipanda daladala kwenda Mkuyuni kununua kamba za kufungia turubai. Huko wakaisikia bendi ya wapinzani ikifanya mazoezi nyuma ya soko. Kiongozi wake alikuwa mvulana aitwaye Antoni. Mjomba wake alikuwa na biashara ya muziki wa maharusi, hivyo walikuwa na spika mbili ndefu kuliko mtu, ngoma za dukani zinazong'aa, na fulana za rangi moja.

"Na sisi tutafute dawa ya kuvuta watu," Precious alitania wakiwa njiani kurudi. "Kama manju wa zamani. Tunamfukia jongoo katikati ya uwanja."

Hellen hakucheka. Alikuwa anaziona zile spika.

Jioni hiyohiyo alikwenda kwa Alexander. Alexander alikuwa kijana mwenye bajaji yenye spika juu ya paa, na kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaani akitangaza mikutano, misiba na mali iliyoshushwa bei. Bernadeta alikuwa amempa kila kiongozi wa bendi ruhusa ya kuandaa tangazo la upande wake.

"Nitangaze nini, mdogo wangu?" Alexander aliuliza.

"Sema bendi ya watoto wa Igoma itapiga Jumamosi saa kumi, uwanjani."

Alexander alikuna kidevu. "Nitasema. Ila nikwambie ukweli, wanaowapenda tayari wanajua. Hao wengine kwa tangazo hilo hawatoki ndani. Watu wanataka jina."

Hellen alitazama spika iliyo juu ya paa la bajaji. Kisha akasema, "Sema kuna mgeni kutoka Dar. Msanii mkubwa. Ataimba na sisi."

"Msanii gani?"

"Usimtaje. Sema kila mtu anamjua."

Alexander alimtazama. "Ni kweli?"

"Ni kweli," alisema Hellen.

Kesho yake bajaji ilizunguka. Kufikia jioni Igoma nzima ilikuwa imempa mgeni yule jina, tena majina matatu tofauti, na watu waligombana vijiweni ni yupi kati yao. Mmoja aliapa amemwona uwanja wa ndege. Hellen alisikia hayo yote akiwa kwenye foleni ya maji, akajiambia kwamba yeye hakutaja jina, kwa hiyo waliotaja majina ndio waliodanganya. Alijua hoja hiyo haina miguu, lakini aliishikilia.

Kibaya zaidi ni kwamba hakuwaambia wenzake. Precious alikuja karakana akihema.

"Umesikia? Redio wametuletea msanii! Wewe ulijua?"

"Nimesikia kama wewe," alisema Hellen.

"Mimi nitampigia ngoma kwa madumu haya? Mungu wangu. Nitayaosha."

Na kweli aliyaosha. Aliyasugua kwa sabuni na majivu mpaka maandishi ya mafuta yakafutika, huku Hellen akimtazama. Angeweza kusema wakati ule. Hapakuwa na mtu mwingine.

Jumamosi ilipofika, uwanja ulikuwa na majukwaa mawili. Lao alilitengeneza Machibya kwa mbao zilizolazwa juu ya mapipa, akalifunga kwa kamba. Alilipima kwa watoto wanne na vyombo vyao. Saa kumi Bernadeta alipuliza filimbi, na bendi zote mbili zikaanza.

Bendi ya Antoni ilikuwa nzuri. Hellen aliweza kuisikia ng'ambo ya uwanja, imeshikana, na mvulana yule alikuwa na sauti safi. Watu walianza kujikusanya pale. Wangebaki, maana walikuwa wanapendezwa. Lakini kila mara mtu mmoja alimshika mwenzake mkono na kumwambia kitu sikioni, wakavuka uwanja kwenda upande wa Igoma. Nusu saa haikupita, upande wa Antoni ulikuwa umebaki na shangazi zake na watoto wadogo wanaocheza mchanga. Antoni aliendelea kuimba. Alikuwa anaimba huku akiangalia migongo ya watu.

Mbele ya Hellen kulikuwa na watu wengi kuliko alivyowahi kuwaona mahali pamoja. Akawapa wenzake ishara, wakaanza wimbo wa ziwa.

Hawakuwahi kuupiga vizuri vile. Precious alitembea na mdundo kama aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni. Faizan alinyamaza pale pa kunyamaza. Nestory alifumba macho. Na hakuna aliyesikiliza. Watu walikuwa wametazama barabarani, juu ya vichwa vya wenzao, wakisubiri gari. Hellen alipofika kwenye kiitikio na kunyoosha kipaza sauti ili waitikie, hakuna aliyeitikia. Alimtafuta Bibi Suzana kwa macho. Alimwona nyuma kabisa, amebanwa, anajaribu kulinda beseni lake la viazi.

"Shukeni, mtoeni mgeni!" sauti moja ilisema kutoka katikati.

"Tumekuja kwa mgeni, hatukuja kwa watoto wa shule."

Nestory alimsogelea huku akiendelea kupiga. "Anafika saa ngapi?"

"Sasa hivi," alisema Hellen. Huo ulikuwa uongo wake wa mwisho siku ile, nao ndio uliokuwa mdogo kuliko yote.

Wakati huohuo gari jeusi lenye vioo vya giza likatokea barabarani, likapunguza mwendo karibu na uwanja. Lilikuwa gari la watu waliokuwa wanaelekea kwenye harusi, na dereva alitaka kuuliza njia. Mtu mmoja alipiga kelele, "Huyo!" Umati wote ukageuka na kukimbia. Waliokuwa upande wa pili wa jukwaa hawakuzunguka. Walipita juu yake.

Kamba ilikatika. Mbao zikainuka upande mmoja. Hellen alirukia chini, Nestory akamvuta Faizan kwa shati, lakini Precious alikuwa amekaa nyuma ya madumu yake na hakuwa na pa kurukia. Alianguka chini ya mbao. Kinanda kilianguka kifudifudi, na miguu ikakipita, mmoja baada ya mwingine, ya watu ambao hata hawakujua wamekanyaga nini.

Umati ulipolifikia gari na kukuta bibi harusi, ulirudi na hasira. Machibya alikuwa tayari amepiga magoti, ameinua mbao kwa bega. Mkono wa Precious ulikuwa umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki. Hakulia. Alisema tu, "Baba Hellen, usiniguse hapo."

Bernadeta alipanda juu ya pipa na kuwatuliza watu kwa kipaza sauti. Kisha akashuka, akamwita Alexander. "Nani amekwambia utangaze mgeni?"

Alexander alimwangalia Hellen tu, na kila mtu aliyekuwa karibu akafuata macho yake.

"Ni mimi," alisema Hellen.

Hospitalini, baada ya Precious kufungwa plasta ngumu, Hellen aliruhusiwa kuingia. Precious alikuwa amelala akiangalia dari.

"Ulisema umesikia kama mimi," alisema.

"Nilikosea."

"Ungeniambia tu. Ningekwambia usifanye. Labda ningekubali, sijui. Lakini ungeniambia. Mimi nilikaa naosha madumu na wewe unaniangalia."

Mama yake Precious akamgusa Hellen bega, akamwonyesha mlango.

Kesho yake asubuhi Machibya hakufungua karakana. Alimpeleka Hellen kwa Alexander, akalipia bajaji, akamkabidhi binti yake kipaza sauti.

"Uongo ulizunguka kwa bajaji hii," alisema. "Na ukweli utapita njia hiyohiyo. Mtaa kwa mtaa."

Hellen aliongea mpaka koo likakauka. Aliwaambia watu kwamba hakukuwa na mgeni yeyote, kwamba redio haikuhusika, wenzake hawakujua, na uongo ulikuwa wake peke yake. Akaomba radhi. Baadhi ya watu walitikisa vichwa na kuendelea na shughuli zao. Vijana wa bodaboda, walewale waliokuwa wakiegesha kila Jumamosi, waliinua mikono kama wanaopokea mtu mkubwa.

"Oya, na leo unatuletea nani? Leta wa kutoka Marekani basi."

Machibya aliketi kando yake safari nzima na hakumtetea.

Walikwenda pia Mkuyuni. Antoni aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni kwa mjomba wake. Bernadeta alikuwa amewapa watoto wa Mkuyuni nafasi ya studio.

"Hongera," alisema Hellen.

"Ya nini?" alijibu Antoni. "Mimi sijashinda. Nitarekodi, lakini sitajua kamwe kama watu wangekaa. Walikuwa wanakaa, wewe ukawaita." Alifikiri kidogo. "Wimbo wenu wa ziwa niliusikia pale karibu na mwisho. Ulikuwa mzuri. Hamkuhitaji mgeni."

Maneno hayo yalimuuma Hellen kuliko vicheko vya bodaboda.

Mwisho walikwenda kwa akina Faizan. Mama yake, Minaz, aliwakaribisha chai, akamkatiza Machibya kabla hajamaliza kusema kwamba atalipia kinanda.

"Utachomelea grili za ghala langu, tutaelewana. Hilo ni letu sisi wakubwa," alisema. Kisha akamgeukia Hellen. "Lakini wewe nenda umwone bibi. Yuko ndani. Yeye ndiye aliyekinunua."

Bibi Bachubai alikuwa kitini karibu na dirisha, kinanda kimelazwa mapajani pake juu ya kile kitambaa. Alikuwa anabonyeza noti moja moja kutafuta yenye uhai. Hellen alimwamkia, akaomba msamaha. Bibi aliitikia kwa upole, akampapasa kichwa, akaendelea kubonyeza. Hakukuwa na iliyolia.

Njiani kurudi, sasa kwa miguu, ndipo Hellen alipolia. Machibya alimwacha amalize. Walikaa juu ya ukuta mfupi wa daraja, malori ya Musoma yakipita mbele yao.

"Nikwambie kitu," alisema Machibya. "Nilipokuwa manju, mwaka wangu wa kwanza nilichezea watu wachache sana. Upande wa pili walikuwa wamejaa. Nilirudi nyumbani na aibu. Lakini wale wachache walikuwa wangu. Walikuja kwa sababu ya wimbo. Mavuno yaliyofuata walikuja tena, na ndugu zao. Nyie mlikuwa mmeshaanza hivyo. Suzana alikuwa wenu. Wale mafundi cherehani walikuwa wenu. Mngeshindwa Jumamosi ile, Jumamosi iliyofuata wangekuwa mlangoni kwangu kama kawaida."

"Nilitaka Nestory arekodi kabla hajaondoka."

"Najua. Ulitaka kitu kizuri. Ndiyo maana nakueleza, sikuchapi. Mtu aliyekuja kwa uongo hakuja kwako, Hellen. Amekuja kwa huo uongo. Ukiisha, hana kazi na wewe, na akiwa na hasira atakukanyaga. Mwanamuziki akiwa mkweli kwa watu wake anaweza kushindwa mara nyingi na bado akawa na mtu wa kumwimbia. Akiwadanganya mara moja, anaanza upya, tena anaanzia chini ya pale alipoanzia mwanzo. Kaa ukijua hivyo. Kisha uanze upya, maana sijasema uache."

Hellen alianza upya. Hivi sasa yupo kidato cha kwanza, na baadhi ya Jumamosi huimba mbele ya karakana na Faizan, ambaye amejifunza kupiga ngoma ya ngozi. Kwa kuwa aliutangaza ukweli mitaani, watu wengi walimsamehe baadaye. Antoni alikuja mara moja kusikiliza, akakaa mpaka mwisho. Huo ndio uzuri uliopatikana, na ni wa kweli.

Lakini gharama nayo ilikuwa ya kweli. Kinanda cha Bibi Bachubai hakikutengenezeka. Machibya alichomelea grili za ghala bila malipo, jioni baada ya jioni, akitoka kwenye kazi zake nyingine. Mkono wa Precious ulipona, ila kifundo hakizunguki kama zamani, na hapigi ngoma tena. Yeye na Hellen husalimiana, huazimana vitabu, lakini hawakai tena pamoja kwenye foleni ya maji. Nestory alivuka kwenda Kamanga Jumapili ya mwisho wa mwezi na gitaa lake mgongoni, na wimbo wa ziwa, jinsi walivyoupiga wanne, haukurekodiwa popote. Na Bibi Suzana, ambaye viazi vyake vilimwagika na kukanyagwa siku ile, alihamishia jiko lake ng'ambo ya barabara. Hellen humwamkia kila siku, naye huitikia. Jumamosi jioni, muziki unapoanza, Bibi Suzana hufungasha beseni lake na kwenda nyumbani.